Nangoja gari la mikate tangu Julai 2023, sasa wananiambia kosa ni la kobalti ya Kongo

#1 MamaTanuru, Lubumbashi

Wapendwa, naomba mnisome mpaka mwisho, maana jambo hili limenikaa kooni.

Nina tanuru la mikate hapa Katuba. Tunakanda jioni, tunaoka usiku, na saa kumi na moja alfajiri mikate inatoka kwenda kwenye vibanda na meza za akina mama wa Katuba, Kenya na Kamalondo, mitaa ya hapahapa Lubumbashi. Siku sita kwa juma. Kwa miaka tisa nilisambaza kwa kigari cha Kijapani, usukani kulia, mlango wa nyuma tunaufunga kwa kamba. Kilikuwa kimechoka, lakini kilifika.

Julai 2023 alikuja wakala wa kampuni moja changa ya ng'ambo inayosema inatengeneza magari ya umeme. Akatuonyesha picha na video: kigari cha magurudumu matatu, sanduku nyuma, mzigo kilo 500. Bei dolari 6,900 mpaka Lubumbashi. Akonti dolari 1,500, zinazobaki unalipa siku ya kupokea. Kitafika Machi 2024. Nilimuuliza mara mbili, "Machi?" Akajibu, "Machi, mama." Mwezi ule zamu yangu ya likelemba, mchezo wetu wa kuchangiana pesa kwa zamu, ilikuwa imefika. Nikalipa akonti yote siku moja, nikapewa risiti yenye muhuri.

Jina la kampuni na la wakala sitayaandika hapa. Bado nadai, na nataka nidai nikiwa na haki yangu safi mkononi.

Februari 2024 wakala akanipigia simu kuniambia nijiandae, mambo yako karibu. Nikajiandaa kweli. Nikaweka paneli 6 za jua juu ya paa, kwa sababu umeme wa mtaani kwetu una saa zake wenyewe na gari la kuchaji haliwezi kuungojea. Na nikauza kile kigari cha zamani ili pesa ya kumalizia iwepo. Hapo ndipo nilipojikwaa.

Mwisho wa mwezi huohuo ikaja barua pepe: Septemba 2024. Septemba ikaja nyingine: mwanzo wa 2025. Kila barua inaanza kwa kunishukuru kwa uvumilivu, na hakuna hata moja iliyoniuliza ninaishije katikati. Nakodi taksi-moto mbili, yaani pikipiki za abiria, kila alfajiri, dolari 12 kwa siku. Siku 26 kwa mwezi, miezi 21 sasa: nimetoa dolari zaidi ya 6,500. Hiyo inakaribia bei ya gari lenyewe, na gari sina. Siku za mvua mikate inalowa, wateja wanairudisha, na wana haki ya kuirudisha.

Hayo yote niliyameza. Lililonifanya nifungue uzi huu ni barua ya Machi 2025. Inasema gari limechelewa kwa sababu serikali ya Kongo imezuia kobalti kutoka nchini, kwa hiyo betri zimekosekana.

Niliisoma nikiwa nimesimama, nikakaa chini, nikaisoma tena.

Ni kweli, tarehe 22 Februari 2025 serikali yetu ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje. Kila mtu hapa anajua, mji mzima uliongea. Lakini gari langu lilipaswa kufika Machi 2024! Amri ya 2025 ilirudije nyuma mwaka mzima kulizuia? Na kuna zaidi. Mtoto wa dada yangu ni fundi umeme. Akachukua ile karatasi ya maelezo niliyopewa siku nilipolipa, akaweka kidole kwenye mstari wa betri: ni ya lithiamu na fosfeti ya chuma, ile inayoandikwa LFP. Akaniambia, "Mama mkubwa, betri hii haina kobalti hata punje."

Mimi naishi Lubumbashi. Malori ya kobalti kutoka Kolwezi na Likasi yanapita huku kuelekea mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa, vumbi lake tunalivuta, barabara zilizochimbika ni zetu. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima na mimi nasukuma mikate kwa pikipiki. Halafu mtu anayeuza betri isiyo na kobalti ananiandikia kwamba nchi yangu ndiyo iliyomchelewesha.

Tangu barua hiyo mpaka leo, Novemba 2025, ni miezi minane ya kimya. Wakala hapokei simu.

Nauliza: kuna mwingine aliyelipa? Na pesa hii inarudije?

#2 Kadogo wa Ruashi

Maman, hauko peke yako. Tuko bengi. Miye nililipa makuta mu mwezi wa tisa 2023, banatuambiaka kila siku "mungoje, mungoje". Barua ya kobalti na miye niko nayo. Risiti iko.

#3 Mswahili_Temeke, Dar es Salaam

Shikamoo mama. Pole sana kwa yaliyokupata.

Naomba nitoe wazo tofauti kidogo, si kwa ubaya. Kutengeneza gari ni kazi ngumu mno, na karibu kila kampuni changa imechelewa. Tesla wenyewe, gari lao la kwanza la Roadster lilisumbuliwa na giaboksi ya gia mbili mpaka wakaachana nayo wakaweka ya gia moja, na wateja wakangoja. Pikapu yao ya Cybertruck ilionyeshwa Novemba 2019, watu wakaweka kianzio cha dolari 100, wakaambiwa mwisho wa 2021. Ya kwanza ilikabidhiwa tarehe 30 Novemba 2023. Na bei haikuwa ile: ilitangazwa kuanzia dolari 39,900, ikaja kuanzia 60,990. Lakini ilikuja. Waliokata tamaa katikati walikosa.

Kwa hiyo si kila anayechelewa ni tapeli. Pia mama, kwa haki, kwenye hiyo 6,500 toa mafuta ambayo kigari cha zamani kingekunywa.

#4 MamaTanuru

Marahaba mwanangu. Kuhusu mafuta umesema kweli. Kigari kilikula kama dolari 5 kwa siku. Basi hasara yangu ni 7 kwa siku, kwa miezi 21 ni dolari 3,822. Nimeandika upya kwenye daftari langu, nitadai kwa hesabu hiyo.

Kuhusu kuchelewa, hapo hatujaelewana, na nataka nikujibu kwa kazi ninayoijua.

Mtu wa harusi akija kwangu na oda ya mikate 400, napokea akonti. Kuna siku nimechelewa. Unga umekwama mpakani, kuni zimelowa, kijana wa kukanda ameugua malaria. Nampigia kabla hajanipigia, namwambia tatizo ni hili, mikate 250 itakuja saa moja na 150 saa tatu. Ukiona haikufai, chukua pesa yako ukanunue kwa jirani. Huko ni kuchelewa. Tanuru lipo, kalibu zipo, watu wapo, kimekosekana kitu kimoja na nakitaja kwa jina lake.

Lakini nikipokea akonti ya mikate 400 wakati sina tanuru, na akonti yako ndiyo ninayotaka kununulia matofali ya tanuru, hapo sijachelewa mwanangu. Sijaanza. Nimekukopa bila kukuambia kwamba ni mkopo. Na harusi ikipita nikisema kosa ni la mkulima wa ngano, nimekukosea mara ya pili, na mkulima naye nimemkosea.

Hao Tesla walikuwa na kiwanda. Aliyetoa dolari 100 Marekani ametoa kitu ambacho hakitazuia watoto wake kula. Mimi nilitoa zamu ya likelemba ambayo wanawake kumi na wawili walichangia.

#5 Baba_Neema, Kolwezi

Mama, nafanya kazi ya umeme kwenye mgodi, ngoja nithibitishe aliyosema mtoto wa dada yako.

Betri nyingi za magari zenye kobalti ni zile za nikeli, manganizi na kobalti. Zinabeba nguvu nyingi kwa uzito mdogo, ndiyo maana magari ya kwenda mbali yanazipenda. LFP ni chuma, fosfeti na lithiamu. Ni nzito zaidi, lakini ni rahisi, zinadumu, hazishiki moto kirahisi, na kwa kigari cha mjini ndizo zinazofaa. Tesla ilianza kuziweka kwenye Model 3 za Shanghai mwaka 2020, na magari mengi ya Kichina yanatembea nazo. Kobalti iwepo isiwepo, hazijali. Zuio lenyewe liliisha Oktoba 2025, tukaingia kwenye mgao wa kuuza nje: tani 96,600 kwa 2026 na kiasi hichohicho kwa 2027. Kama kobalti ndiyo ilikuwa kikwazo, kwa nini hawajakuandikia kwamba kikwazo kimeondoka?

La pili ni la kalibu, maana umeligusa bila kujua kwamba hata kwenye magari linaitwa hivyohivyo. Gari la kuonyesha kwenye video linatengenezwa kwa mkono: bati linakunjwa kwa nyundo, plastiki inamwagwa moja moja, vipande vingine vinanunuliwa kwenye magari ya watu. Ukiwa na mafundi kumi hodari unalipata na linatembea. Lakini kutoa magari elfu yanayofanana unahitaji kalibu za chuma kigumu za kukandamizia kila bati, na kila moja inagharimu pesa nyingi na inachukua miezi mingi kuchongwa. Halafu mashine za kuchomelea, majaribio ya kugonga, mikataba na watengeneza breki. Makampuni changa mengi yanafia hapo, kati ya gari la video na gari la elfu moja.

Swali la kumuuliza wakala si "lini". Aulizwe: kalibu za bodi zimechongwa? Wapi? Nionyeshe picha zikiwa kazini. Kama hakuna kalibu, hakuna tarehe.

#6 Mtu_wa_Phoenix, Arizona

Mama, nimezaliwa Kamalondo, naishi Phoenix. Ulivyoeleza hapo juu kuhusu tanuru, huku kuna mfano wake kamili na uko kwenye kumbukumbu za umma.

Kuna kampuni inaitwa Elio Motors, ilianza 2009, makao yake yalikuwa hapa Phoenix. Nayo ilikuwa na kigari cha magurudumu matatu, abiria anakaa nyuma ya dereva, lengo la bei lilikuwa dolari 6,800 na kwenda karibu kilomita 36 kwa lita moja ya petroli. Watu walilipa 100, 250, 500 au 1,000. Zaidi ya 65,000 walijiandikisha. Kulikuwa na malipo ya aina mbili, ya kurudishwa na yasiyorudishwa, na aliyekubali yasiyorudishwa alipewa nafasi ya mbele na nyongeza kwenye akonti yake. Yaani waliowaamini zaidi ndio waliofungiwa mlango.

Jengo walikuwa nalo: kiwanda cha zamani cha General Motors pale Shreveport, Louisiana, kilichofungwa 2012. Ukiona picha zake unasema hawa wako tayari. Tarehe ikawa 2014, kisha 2015, kisha 2016, kisha 2017. Waliyokosa ni mamia ya mamilioni ya dolari ya kalibu na mashine, na hayakupatikana. Hakuna mteja aliyekabidhiwa gari.

Ujerumani kuna Sono Motors ya Munich, na gari lao la Sion lenye paneli za jua mwilini. Februari 2023 wakasimamisha gari hilo kabisa. Maelfu ya watu walikuwa wamelipia kabla. Wakaahidiwa kurudishiwa kwa awamu, na miezi michache baadaye kampuni ikaingia kwenye taratibu za ufilisi.

Ila nisiseme upande mmoja. Aptera ya California, ile ya kwanza, ilikwama vilevile, na kabla ya kufunga Desemba 2011 ilikuwa imewarudishia wateja amana zao. Jina hilo lilipofufuliwa 2019, watu walikubali tena kujiandikisha. Ndiyo maana nakwambia usione aibu kudai. Kampuni yenye nia hujua kurudisha.

#7 Wanjiku wa Thika Road, Nairobi

Pole mama. Huku kwetu tulikuwa na Mobius, kampuni ya kutengeneza gari la barabara mbovu za Afrika. Watu tuliipenda kwa moyo, kwa sababu ilikuwa yetu. Gari zilitoka, lakini chache, na Agosti 2024 ikatangaza inafunga kwa sababu ya madeni, ndipo ikapata mnunuzi. Nawaambia wenzangu kila siku: hata ukishapata gari, uliza spea. Walionunua Fisker Ocean, ile iliyounganishwa Austria, kampuni ikafilisika Juni 2024 na gari zao zikiwa barabarani. Wenye magari ndio waliounda chama chao wenyewe ili wapate spea na programu za gari.

Kwa hiyo wakikuletea hata leo, uliza ni nani atakuuzia breki mwaka 2028.

#8 Kadogo wa Ruashi

Maman, yaya yangu, ni kusema ndugu yangu mukubwa, naye anasema alilipa. Na jirani ya Kampemba. Tuko batu bane sasa.

#9 Mtetezi_Kamalondo, Lubumbashi

Mama, heshima zangu. Mimi ni mwanasheria. Nitasema yanayokuhusu tu, na kwa kesi yako kamili ni lazima nione karatasi.

Kwanza, sheria yetu ya mikataba ni ya zamani lakini iko hai: amri ya tarehe 30 Julai 1888. Kifungu cha 33 kinasema makubaliano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa waliokubaliana. Kama Machi 2024 imeandikwa kwenye risiti au kwenye karatasi ya oda, hiyo si matarajio, ni ahadi inayofunga. Kama ilisemwa kwa mdomo tu, tafuta ujumbe wa simu au barua pepe yoyote ambamo wao wenyewe wanaitaja. Ile barua ya kwanza iliyosogeza tarehe mpaka Septemba ni dhahabu: huwezi kusogeza tarehe ambayo haikuwepo.

Pili, wewe ni mfanyabiashara na ulinunua kwa ajili ya biashara. Kongo imo kwenye OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja za biashara, tangu 2012, na sheria yake ya biashara ina sehemu nzima ya mauzo kati ya wafanyabiashara. Una mlango wa mahakama ya biashara hapahapa Lubumbashi. Hulazimiki kuanza na ng'ambo.

Tatu, na hili ndilo la kwanza kwa utekelezaji: tazama muhuri wa risiti ni wa nani. Kama ni wa wakala, wakala ndiye aliyepokea pesa, na yuko mjini. Mwandikie barua ya madai, taja tarehe, kiasi, na siku 15 za kurudisha. Ipelekwe kwa mkono wa huissier, yaani afisa wa mahakama anayepeleka hati, si kwa WhatsApp. Mpaka leo umekuwa ukiomba. Barua hiyo ndiyo inayoanza kudai.

Msikubali kusaini kitu chochote kinachosema "nabadilisha oda". Hapo mnaanza kuhesabu upya kutoka sifuri.

#10 Mswahili_Temeke

Mama nimerudi. Nimesoma ya Kolwezi na ya Phoenix. Nilikuwa nimeweka kuchelewa kote kwenye kapu moja. Hiyo barua ya kobalti haitetewi. Nikiweza kusaidia kuandika Kiingereza cha kuwapelekea makao makuu, niambie, nitakuandikia leo usiku.

#11 MamaTanuru (siku kumi na mbili baadaye)

Wanangu na ndugu zangu, narudi na habari.

Nilitafuta risiti. Muhuri ni wa wakala. Na chini kabisa, kwa mwandiko wake mwenyewe wa kalamu ya bluu, imeandikwa "livraison mars 2024", yaani kukabidhi Machi 2024. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nilimlazimisha aandike. Barua ya madai imepelekwa Jumatatu kwa huissier, na mwanangu wa Temeke ameniandikia ya makao makuu, ukurasa mmoja, imeuliza mambo mawili tu: kalibu ziko wapi, na kobalti iko sehemu gani ya betri ya LFP.

Makao makuu hawajajibu. Wakala amejibu. Miezi minane simu haipokelewi, lakini Jumatano jioni akaja mwenyewe mpaka tanurini, akakaa kwenye gunia la unga. Alitaka kwanza nihamie kwenye "modeli mpya", niongeze dolari 400, itafika katikati ya 2026. Nilikuwa nimeshaonywa. Nikamwambia hapana. Nikamuuliza kama ameiona kalibu hata moja ya gari hili kwa macho yake. Akanyamaza sana. Akasema hajawahi kufika kiwandani. Alionyeshwa video ileile aliyotuonyesha sisi, na yeye pia amelipa pesa yake ili awe wakala.

Sikufurahi kusikia hivyo. Ni kijana wa umri wa mtoto wangu. Lakini pesa ya likelemba haiwezi kupotea kwa huruma. Tumeandikiana mbele ya mashahidi wawili: dolari 500 kabla ya mwisho wa mwezi, na 1,000 kwa awamu nne. Hasara ya 3,822 ataijibu yeye na kampuni pamoja, na hilo Mtetezi analishughulikia.

Tumeshafika watu tisa wenye risiti za muhuri uleule, Katuba, Ruashi, Kampemba, na mmoja Kipushi. Kila mtu akienda peke yake, wa kwanza atalipwa na wa tisa atakuta mfuko mtupu. Kwa hiyo tunakutana kwangu Jumamosi saa nane mchana, na Mtetezi atakuwepo. Niandikieni ujumbe wa ndani niwaelekeze. Leteni risiti halisi, nakala mbili, na barua pepe zote mlizopata, hasa ile ya Machi. Ambaye amepoteza risiti asibaki nyumbani, aje na ujumbe wa simu. Chai na mikate vitakuwepo.